Usimsomee Mama

Shule ya Msingi, Mbuji
12 Juni 1994

Mjomba wangu Ausi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi uwe umeshapata nafuu kabla haijafika, maana dereva wa lori niliyempa ana tabia ya kulala Mbinga mjini mpaka afukuzwe. Sisi huku tu wazima, ila baridi. Juni ya Umatengo unaijua: asubuhi nikifungua mdomo kuwaambia watoto hamjambo, moshi unatangulia. Baba Tumpe bado yuko kwenye chama cha ushirika, anapima kahawa na kusikiliza matusi. Wanunuzi binafsi wameanza kunusanusa na magari yao, na wakulima wanamwuliza kwa nini ushirika hauna gari wala haraka. Anarudi amenuna, anakunywa chai, analala.

Mpe Mama salamu nyingi. Sweta aliloagiza kwa ajili ya upepo wa ziwani nimelipata kwenye mitumba. Lina picha ya mbwa kifuani, lakini si atalivaa kwa ndani?

Kuanzia hapa chini usimsomee Mama.

Tumpe yuko darasa la saba. Unajua sekondari za serikali zilivyo: shule nzima wanachaguliwa mmoja au wawili, na mwaka jana kwetu hakuchaguliwa mtu. Mtoto ana akili, Mjomba, nasema kama mwalimu wake. Asipopata shule mwakani atabaki hapa kuchuma kahawa ya watu mpaka atokee mwanamume wa kumwoa. Sitaki, na ninaposema sitaki machozi yananilenga.

Sasa sikia. Juma lililopita alipita hapa Sista Notburga. Masista wanafungua sekondari ya wasichana pale Misheni, kwenye majengo ya ile shule yenu ya zamani. Siku hizi serikali inaruhusu, mwenye jengo na afungue. Mabweni bado hayajajengwa, kwa hiyo mwanafunzi awe na ndugu jirani. Nani ana ndugu jirani kuliko Tumpe? Nyumbani kwa Mama kengele ya Misheni inasikika mpaka jikoni. Lakini nafasi ni chache, na wanaanza na wajukuu wa waliosoma pale zamani, kwa kuwa Desemba ni jubilei ya shule. Na ambaye hajabatizwa ataanza mafundisho. Hilo la mwisho Sista alilisema kwa upole, kama anayekukumbusha kuja na jembe siku ya kwanza.

Tena wanamtafuta mwanafunzi mmoja wa enzi hizo, Osward Chitete, aliyemwimbia Askofu peke yake akapewa zawadi. Wanataka kumpandisha jukwaani. Chitete ni sisi. Huyu Osward ni nani? Na utanisaidia kumlainisha Mama?

Mpwa wako,
Mwanabibi


Mbamba Bay
9 Julai 1994

Mpwa wangu Mwanabibi, mama mwalimu,

Marahaba. Barua imefika, inanuka dizeli lakini inasomeka. Hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Dagaa wetu wa usipa wamejaa mpaka paka wanachagua. Jirani amefungua duka la sabuni za Malawi na sasa anatembea kama waziri. Alikuja pia kijana wa chama kipya cha siasa akagawa fulana. Nilichukua. Wakija wengine nitachukua pia, mimi sina ubaguzi.

Mama yako hajambo, maana yake ni mkali kama kawaida. Wasichana wake wa madrasa wakimsikia anakohoa wanakaa sawa. Sweta amelipokea. Mbwa amemkata kwa mkasi akamtupa, sasa limebaki na tundu kifuani, upepo unaingia hapo hapo, na wa kulaumiwa ni wewe.

Barua nilimsomea uani kama tunavyofanya siku zote. Nilipofika ulipoandika nisimsomee nikakohoa, nikaikunja, nikaiweka kwenye kopo la chai juu ya kabati. Baadaye nikajaribu kumgusia. Nikasema, "Dada, nasikia masista wanafungua sekondari." Sikumaliza.

"Ausi," akasema, "mjukuu wangu akiingia pale, mimi natoka hapa. Mtu anakupa chaki, anakunyang'anya jina, halafu unamwambia ahsante? Hajakupa kitu huyo."

Jioni hiyo nilipewa ugali wa muhogo bila mboga. Nikaula hivyo hivyo.

Hayo mambo ya kumlainisha mtafute mtu mwingine, mimi nina meno machache na bado nayahitaji. Kuhusu Osward, namfahamu. Siwezi kusema amekufa, siwezi kusema yuko. Mwambie Sista asijisumbue, mtu huyo hapandi majukwaa.

Msalimie Baba Tumpe, mwambie matusi ya wakulima hayaui.

Mimi mjomba wako,
Ausi Chitete


Mbuji
30 Agosti 1994

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Kahawa imekwisha kuchumwa, watoto wamerudi darasani na mikono myeusi. Tumpe anakusalimu, anasema umwekee usipa wa kukausha. Mwambie Mama sweta jingine linakuja, hili lina maua tu, nimelikagua mbele na nyuma.

Hapa chini usimsomee.

Umenijibu kama mtu anayejibu polisi. Kwa hiyo nilitafuta njia yangu. Niliambiwa Mwalimu Raimundi, aliyefundisha pale Misheni enzi za Mwingereza, yuko hai, anaishi Mapera kwa binti yake Ottilia. Nikaenda Jumamosi. Nilimkuta ameketi juani pembeni ya kahawa iliyoanikwa, anafukuza kuku kwa fimbo bila kuinuka. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Mwalimu, unamkumbuka Osward Chitete?"

Akaniangalia. Akasema, "Yupi?"

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapaliwa, Ottilia akatoka mbio kumpiga mgongo na kuniuliza nimemfanya nini baba yake. Alipopata pumzi akaniambia, "Nenda kamwulize mjomba wako. Mwambie Raimundi mdomo wake bado ameufunga." Halafu akanipa mkungu wa ndizi, kwa sababu, alisema, hajafurahi hivyo tangu mkewe afariki.

Mjomba, yupi maana yake nini? Kulikuwa na Osward wangapi? Mwenzio sichezi, mtoto wangu anafanya mtihani mwezi ujao.

Mwanabibi


Mbamba Bay
25 Septemba 1994

Mpwa wangu,

Marahaba. Raimundi yuko hai! Nilimwombea dua ya marehemu miaka mingi iliyopita, sijui imekwenda kwa nani. Hapa tu wazima, ila mbuzi wa jirani amekula fulana yangu ya chama. Mama yako amefurahia maua. Amesema tu kwamba ni mengi.

Haya, nitakueleza, ila uelewe kwanza mambo yalivyokuwa. Mwingereza hakujenga shule yake huku ufukweni. Aliwapa wamisheni ruzuku wafundishe wao, na mlangoni mwa Misheni kulikuwa na bakuli la maji. Unataka kusoma, unapita kwenye maji, unatoka na jina jingine. Waislamu wengi wa huku wakasema basi, tutabaki na Kurani yetu. Mwingereza hakulia. Alichukua makarani wake na wapiga chapa wake kutoka kwa waliopita kwenye maji, kisha akaandika kwenye ripoti zake kwamba Waislamu hawapendi elimu. Nimeyaona maneno hayo kwa macho yangu.

Babu yako Chitete hakuwa mtu wa kukubali wala wa kukataa. Karani wa kodi alikuwa akimwonyesha karatasi na kumwambia imeandikwa hivi na hivi, naye analipa tu. Akataka watoto wake wajue kusoma karatasi. Lakini hakutaka wapite wote kwenye maji. Akaona maji ya mtu mmoja yanatosha. Mtoto mmoja abatizwe, apewe jina moja, kisha jina hilo tulivae kwa zamu kama kaptula. Na kaptula yenyewe pia ilikuwa moja.

Osward wa kwanza alikuwa marehemu kaka Rajabu. Yeye ndiye aliyeandikishwa na kuchaguliwa jina, lakini shule aliichukia kama dawa ya minyoo, na siku ya maji yenyewe alikuwa ziwani na mtumbwi wa watu.

Wa pili simtaji. Nilikula kiapo.

Wa tatu nilikuwa mimi. Osward alikwenda likizo akijua kugawanya na kuimba, akarudi hajui kujumlisha na ana sauti ya chura. Padri alihuzunika sana. Alisema mtoto amepata malaria ya kichwani. Kwamba ni mtu mwingine hakuwaza kabisa, kwake sote tulikuwa na sura moja, na hilo lilitusaidia kuliko tulivyostahili. Raimundi, wakati huo mwalimu msaidizi, alitambua siku ile ile. Alinikalisha nyuma akaninong'oneza, "Osward, umepungua urefu. Usisimame ovyo."

Na nikafundishwa nini? Nilimwimbia mfalme ambaye hajui kama nimezaliwa. Nilijua mito ya kwao kabla sijajua Ruvuma inaanzia wapi. Nilipomaliza Boma ikanichukua, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika majina ya waliokwepa kodi. La kwanza lilikuwa la mjomba wangu mwenyewe. Nikaliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, na yeye akapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Hapo ndipo nilipoelewa nilisomeshewa nini. Mpaka leo nikilikumbuka naona haya.

Sasa umejua. Usinisumbue tena, na wala usimsumbue Raimundi, atakufa kwa kucheka.

Ausi


Mbuji
6 Novemba 1994

Mjomba,

Shikamoo. Nilicheka mpaka Baba Tumpe akaja kuchungulia, kisha nikakasirika, na hasira bado ninayo. Wa pili ni nani? Wewe huwezi kuimba, nimekusikia kwenye maulidi. Rajabu alikuwa ziwani. Basi ni nani aliyemwimbia Askofu, na nani alimwagiwa yale maji? Haya, kaa nalo.

Mvua zimeanza na barabara ya kushuka ziwani imekuwa uji. Tumpe amefanya mtihani. Anasema ulikuwa rahisi, na mimi nimeona watoto wengi waliosema hivyo wakibaki nyumbani. Kwa hiyo nimefanya uamuzi, na barua hii usimsomee Mama hata neno moja. Mwambie imeliwa na mbuzi yule yule.

Jambo la kwanza. Siku ya jubilei utavaa vizuri, utakwenda Misheni na utakuwa Osward. Ulikuwa Osward kweli, hutasema uongo. Watakupigia makofi, Tumpe atakuwa mjukuu wa Osward, nafasi tutaipata.

Jambo la pili. Nimemkubalia Sista hayo mafundisho ya ubatizo. Tumpe atakaa kwa Mama, jioni ataswali na Mama, mchana ataitwa Restituta, au lolote watakalompa. Usinihukumu. Baba Tumpe alipotaka kunioa, Mama si alimsilimisha, akamwogesha na kumwita Idrisa? Alikubali, akala pilau, na mpaka leo kazini kwake wanamwita kwa jina lake la zamani, Mwaijande. Watu wanavaa majina na kuvua.

Lakini nikwambie kilichoniuma. Nilipomweleza Tumpe nilidhani atabisha. Akaniambia, "Sawa, Mama, mradi nisome." Hakuona ajabu yoyote. Mwingereza ameondoka, mimi mwenyewe shuleni kila tarehe tisa Desemba nawaimbisha watoto kwamba tu huru, na binti yangu anajua kabisa kwamba shule ina bei na bei yake ni yeye mwenyewe. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Nisaidie tu, Mjomba. Sina mlango mwingine.

Mwanabibi


Mbamba Bay
14 Desemba 1994

Mwanabibi, mpwa wangu,

Marahaba. Kaa chini kwanza. Kama umesimama na kikombe, kiweke.

Nilifanya ulivyosema. Nilivaa suruali niliyostaafia Bomani, nikaazima tai kwa mwenye duka la sabuni. Mama yako nilimuaga kwamba nakwenda kutazama nyavu. Akanitazama tai, akasema nyavu za siku hizi zina heshima.

Misheni palifurika. Kulikuwa na turubai, kwaya kutoka Mbinga, kina mama wa ngoma ya kioda na vumbi lao, na harufu ya mbuzi wa kuchoma. Sista Notburga akashika kipaza sauti akauliza kama Osward Chitete au ndugu yake yupo. Nikainuka. Makofi! Nilipanda jukwaani nikajiona kama mgombea. Nikaanza hata kupunga mkono.

Ndipo Sista akaniambia, mbele ya watu wote, "Mzee Osward, basi tuimbie kidogo ule wimbo wa Askofu."

Hilo hatukulipanga. Nikafungua mdomo. Kilichotoka kilimliza mtoto wa mtu mstari wa mbele. Nikakohoa, nikaanza tena, ikawa mbaya zaidi. Watu wakaanza kutazamana.

Halafu nikasikia wimbo ule ule nyuma, upande wa ua. Kilatini, neno kwa neno, ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Watu wakageuka. Mama yako alikuwa amesimama langoni na baibui lake, mikono nyuma, kidevu juu, kama Padri alivyokuwa akitusimamisha kwa fimbo. Sauti imechakaa kidogo kule juu, lakini hakukosea mahali. Nilikuwa sijausikia wimbo ule tangu tukiwa watoto, akiuimba huku akiwachunga kuku wa baba.

Alipomaliza akaja mpaka jukwaani, watu wakimpisha. Akaniambia, "Shuka, Ausi. Unatia aibu." Akamgeukia Sista. "Osward ni mimi."

Kiapo kimevunjwa na mwenyewe, kwa hiyo sasa nasema. Siku ya maji Rajabu alipotoroka, baba alimshika mtoto wa karibu. Dada Asumini alikuwa amenyolewa kwa ajili ya mapunye, kaptula ikamwenea, akapelekwa. Akabatizwa yeye. Akasoma yeye, na hakuna mtoto wa Misheni aliyemfikia kwa hesabu wala kwa kuimba. Raimundi alijua hata hilo, akafunga mdomo, kwa sababu alisema mwanafunzi kama huyo hampati tena. Kisha mwili ukaanza kukataa kufichwa. Wakamtoa yeye aliyejua, wakaniingiza mimi nisiyejua, kwa sababu kaptula ilinitosha. Alilia, Mwanabibi, mpaka akaugua. Alipopona akaniapisha nisitamke kamwe, na tangu hapo sikumwona tena akisoma herufi za Misheni, nikadhani amezisahau.

Turudi jukwaani. Sista akasema, "Bibi, tumekutafuta sana. Tukupe nini?"

Mama yako akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, wamesikia mpaka wavuvi: "Maji yenu nilimwagiwa mimi kwa niaba ya ukoo mzima. Nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Mjukuu wangu anaitwa Tumpe. Ataingia hapa mkavu."

Padri wa parokia akainama kunong'ona kwamba kwa hesabu za Kanisa Bibi bado ni wao, alama ile haifutiki. Mama yako akamjibu, "Basi mtanidai mbele ya Mungu. Yeye anajua nilikuwa na umri gani."

Kina mama wa kioda wakapiga vigelegele, Wakristo kwa Waislamu, sijui hata walikuwa wanamshangilia nani. Sista Notburga alifunika uso kwa shela nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akasema shule hii imekwisha kuchukua kwa familia ile zaidi ya ilichotoa, mtoto na aje na jina lake, na wakati wa mafundisho atakaa maktaba. Padri hakupenda, lakini Sista ndiye mwenye funguo.

Tuliporudi nyumbani nilimwuliza dada kwa nini alikuwa mkali hivyo kuhusu Misheni. Akaniambia kwamba alipoolewa alikwenda kwa shehe kwa siri, akiogopa kwamba swala zake hazifiki. Shehe akamwambia mtoto hana dhambi ya baba yake. Lakini hakutulia. Kwa hiyo akaswali za ziada, akafunga za ziada, akawachapa wasichana wa madrasa wakikosea herufi moja. Miaka yote hiyo mimi nilidhani ni ukali tu. Nilimwambia pole. Ni neno dogo sana, lakini sikuwa na jingine.

Amekuja kusimama nyuma yangu. Anasema mwandiko wangu ni wa kuku. Amechukua kalamu.

Mwanabibi mwanangu,

Salamu. Kopo la chai juu ya kabati nalijua tangu Juni. Barua zako zote nimezisoma, na kila mahali ulipoandika usimsomee Mama, hapo ndipo nilipoanzia. Ile iliyoliwa na mbuzi niliisoma mara mbili, na uliposema ulitoka nje kutafuta kuku, na mimi nilitoka.

Barabara ikikauka kidogo mlete mtoto. Chumba nimekifagia. Hesabu nitamfundisha mwenyewe, asimsikilize mjomba wako.

Mama yako,
Asumini binti Chitete
(Osward)